Mishumaa ya Mama Kwaya

Kikao cha kupanga ibada ya mishumaa kilianza baada ya chai, na kabla vikombe havijakusanywa Adero alikuwa ameshamchukia Nabangala mara tatu. Mara ya kwanza ni kwa sababu Nabangala alikuja na kompyuta ndogo. Mara ya pili ni kwa sababu Mchungaji Wamalwa aliipangusia meza ile kompyuta kwa kitambaa chake mwenyewe cha jasho, kitambaa ambacho hajawahi kumpangusia Adero hata kiti. Mara ya tatu ndiyo iliyoingia kwenye mfupa.

"Itakuwa ibada ya utulivu," Nabangala alisema. Alikuwa msichana wa Bungoma, karani wa ofisi moja ya bima mjini, na hajatimiza hata mwaka katika kanisa lile dogo la Wakenya wanaoishi ugenini Kamwokya. "Hakuna kinanda, hakuna ngoma, hakuna spika. Tuzime taa, kila mtu akae na mshumaa wake. Tusome Neno polepole, tunyamaze, tutafakari."

"Na kwaya?" Adero aliuliza.

"Kwaya nayo itapumzika, Mama."

"Itapumzika? Imekuambia imechoka?"

Watu wakacheka. Nabangala naye akacheka, kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi Adero zaidi. Mtu mkali unampa ukali wake akajipikie. Mpole unamfanyaje?

Sauti ya Adero ilikuwa mali ya mtaa. Wanasema Pasaka moja aliinua pambio pale kanisani, na mtu aliyekuwa mbali ufukweni Ggaba akichagua samaki akavua kofia bila kujua kwa nini. Wanasema boda boda tatu ziliwahi kugongana nje ya dirisha alipofika kwenye kiitikio, na madereva wote watatu wakaokoka, mmoja akiwa bado yuko chini ya pikipiki. Hakuna aliyemjua kwa jina la Adero tena. Alikuwa Mama Kwaya. Zamani alikuwa na jina jingine la umama, la mtoto wake mmoja tu, lakini hilo lilizikwa pamoja na mwenye nalo Julai ya mwaka ule wa corona, na watu kwa huruma wakamtafutia la kuvaa badala yake. Sasa kama kwaya inapumzishwa, yeye anabaki mama wa nani?

"Mama Kwaya atatusaidia kununua mishumaa," mchungaji alisema, akiandika. "Themanini."

Ilikuwa kama kumwambia nahodha apige deki.

"Na Fundi Obonyo atatuchongea vishikio vya mbao."

"Nitafanya," Obonyo akajibu papo hapo. Adero akageuka kumtazama. Huyu ni mume wake, mwanamume ambaye ukimuuliza kama anataka chai, unaweza kwenda sokoni na kurudi kabla hajajibu.

Alisimama, akazoa vikombe, akatoka. Ajenda ya nne ilisomwa yeye akiwa nje kwenye bomba, anaosha vikombe ambavyo vilishaoshwa. Kwa hiyo hakusikia ilihusu nini, wala hakuona karatasi ilivyozungushwa kutoka mkono hadi mkono, na jinsi mumewe alivyoandika mstari mmoja, akaisukuma kwa jirani haraka kana kwamba imemuunguza.

*

Mlango wa jikoni kwa Obonyo ulikuwa umeng'oka bawaba miaka mitatu iliyopita. Ili kuingia kupika, unaukumbatia kama mgonjwa, unauegemeza ukutani. Ukitoka unaukumbatia tena. Nyumba ya fundi seremala. Wateja waliokuja kuagiza makabati waliuona, wakakohoa, wakaomba punguzo.

Wiki ile yote Obonyo alikaa barazani na mbao za paini, anakata, anatoboa, anapiga msasa. Kila kishikio kilikuwa na kisahani cha kupokea nta na tundu la kina kirefu katikati, la kuingia mshumaa mnene. Alikuwa akipuliza vumbi kwenye tundu kwa mdomo, taratibu, jicho moja limefumbwa.

"Baba, mlango," Adero alisema.

"Nitaushughulikia."

"Ulisema hivyo paka akiwa na mimba. Sasa wajukuu wa yule paka ndio wanaopita hapo kula samaki wangu."

"Nimalize kazi hii kwanza."

"Nabangala akisema vishikio, unakimbia. Mimi nikisema mlango, masikio yanaziba."

"Vishikio ni vya kanisa."

"Na mlango ni wa shetani?"

Obonyo akapuliza tundu jingine. Alikuwa mwembamba, mwenye mvi kwenye nyusi kuliko kichwani, na tangu Julai ile maneno yake yalikuwa yamepungua kama sabuni. Mkewe aliimba, yeye alinyamaza. Walikuwa wamegawana hivyo bila kikao.

"Yawa," Adero akasema, akiukumbatia mlango. "Hata huyo binti mwenyewe hatavipapasa hivyo."

Alhamisi Obonyo alikwenda Port Bell kupeleka kiti cha mteja. Adero alikuwa anatafuta nyundo aupigilie mlango mwenyewe, ili aone aibu. Akafungua sanduku la zana. Chini kabisa, chini ya misumari na msasa, kulikuwa na kitu kimefungwa ndani ya shati la zamani la Jumapili. Akafungua.

Kilikuwa kishikio, lakini si cha paini. Kilikuwa cha mvule, mbao ambayo Obonyo huihifadhi uvunguni kama mahari. Kilikuwa kidogo kuliko vingine, kimepakwa mafuta hadi kinang'aa, na ukingo wa kisahani ulikuwa umechongwa majani madogo madogo, kila jani na mshipa wake. Kitanda chao cha ndoa hakikuwa na hata jani moja.

Adero alikaa chini kwenye vumbi la mbao. Akakishika kiganjani. Kilikuwa na uzito wa kupendeza, na hilo likamkasirisha pia. Aliona mkono wa Nabangala, wenye kucha za rangi ya chai ya maziwa, ukikipokea. Akaona mchungaji akipiga makofi. Akamwona Obonyo akitabasamu, kitu ambacho yeye hajakiona tangu alipokuwa na jina lake la kwanza.

Hakukigeuza. Wivu una haraka, haukagui chini. Akakifunga kwenye shati lake, akakirudisha, akakifunika kwa misumari, na akausahau mlango.

*

"Nipe mishumaa themanini," alimwambia Zuleika siku iliyofuata.

Zuleika alikuwa Mnubi, mke wa Kamis fundi simu, na duka lake lilipakana ukuta na kanisa. Aliuza kila kitu kinachohitajika umeme ukikatika, na vingi vinavyohitajika ukirudi.

"Ile minene? Nimekuwekea. Mchungaji alipita."

"Hapana. Ile ya boksi jekundu."

Zuleika akalitazama boksi jekundu, kisha akamtazama Adero. Mishumaa ile ilikuwa myembamba kama penseli na mifupi kama kidole.

"Mama Kwaya, hiyo? Hiyo ni ya kutafutia kiatu chini ya kitanda. Ukipata cha kushoto, cha kulia utakitafuta na giza."

"Ndiyo ninayotaka."

"Nyinyi mnaomba saa ngapi?"

"Saa nzima."

"Wallahi hiyo haifiki hata nusu." Zuleika alianza kuihesabu, polepole, ili apate nafasi ya kumchungulia usoni. "Kuna mtu umemkasirikia."

"Unauza au unahubiri?"

"Nauza, nnyabo. Nashangaa pia, lakini kushangaa sikutozi."

Mpango wa Adero ulikuwa rahisi. Katikati ya utulivu wa Nabangala, mishumaa ingekufa. Giza. Watoto wangelia, wazee wangejikwaa, mtu angekanyaga kitambaa cha mchungaji. Nabangala angebaki na karatasi zake anapapasa hewa. Na hapo ndipo, kutoka benchi la mbele, ingeinuka sauti moja, ile ile waliyoipumzisha, na kuwaongoza wote hadi nuruni. Alikuwa ameshachagua na wimbo.

Chenji aliirudisha yote kwa mweka hazina. Alikuwa na wivu, hakuwa mwizi.

Jumamosi alasiri, peke yake kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, ndipo alipogundua tatizo la kiufundi. Mishumaa ilicheza ndani ya yale matundu mapana kama mguu wa mtoto ndani ya buti. Akatafuta kitu cha kuikazia. Kwenye rafu kulikuwa na karatasi za nyimbo za kwaya, zimeandikwa kwa mkono wake, ubeti kwa ubeti. Akazitazama kidogo. Kisha akachana, akaviringisha, akashindilia. Alianza na wimbo asioupenda na akamalizia na ule anaoupenda kuliko yote.

Obonyo aliingia kuchukua katoni. Alichukua kishikio kimoja, akakitikisa karibu na sikio, akatazama ndani ya tundu. Akamtazama mkewe. Alichukua pia mshumaa mmoja na kipande cha karatasi kilichobaki mezani, akavitia mfukoni, akabeba katoni, akatoka. Hakusema neno, na kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, Adero hakushtuka.

*

Saa moja jioni hiyo hiyo madirisha yalikuwa yamefunikwa mashuka meusi. Simu zote zilikuwa ndani ya kapu, na kapu lilikuwa mapajani mwa Kamis, nje, pembeni ya swichi kubwa ya umeme. Nabangala alikuwa amempa maagizo: azime taa mlango ukifungwa, asiwashe hadi asikie Amina ya watu wote. Kamis alikuwa Mwislamu mwaminifu na fundi mwaminifu. Angekaa pale hadi kiama akisubiri Amina. Ni yeye pia aliyemwomba kijana wa studio ya muziki iliyo upande wa pili anyamazishe spika kwa saa moja. Kimya kilichoshuka hapo, Kamwokya haikuwahi kukisikia tangu iumbwe. Wanasema mbwa walitazamana wakaulizana kama kuna msiba.

Mlangoni Obonyo aligawa vishikio kutoka kwenye katoni, kimoja kimoja. Nabangala alipofika, Adero aliyekuwa nyuma yake alinyoosha shingo. Obonyo akainama, akachukua cha paini, cha kawaida, akampa.

"Asante, Baba," Nabangala alisema, akapita.

Ikafika zamu ya Adero. Obonyo akatia mkono mfukoni mwa koti. Akatoa cha mvule, mshumaa umeshakazwa ndani, akakiweka kwenye kiganja cha mkewe na kukifunga vidole vyake juu yake, kimoja baada ya kingine. Kisha akageukia mtu aliyefuata.

Adero alikwenda kukaa akiwa amechanganyikiwa, na amekasirika kwa kuchanganyikiwa. Wivu wake ulisimama ndani yake kama mgeni aliyegonga nyumba isiyo yake, hajui aombe radhi au aombe maji.

Nabangala aliwasha mshumaa mkubwa mbele. Kutoka kwake akawasha wake, akampa jirani moto, jirani akampa jirani, na nuru ikatembea benchi kwa benchi bila neno. Nyuso ambazo mchana ni za kondakta, za mpishi, za mwuza mitumba, zikageuka kuwa nyuso za watu waliopakwa asali. Hata Adero aliona ni vizuri, na akaumia kuona. Kisha Nabangala akaupuliza ule mshumaa mkubwa.

"Nuru sasa iko mikononi mwenu," alisema.

Zaburi ilisomwa kwa upole, mstari mmoja, kimya, mstari mwingine. Ndipo Nabangala akafungua karatasi.

"Hii ndiyo ile sehemu tuliyokubaliana," alisema. "Tutaje majina ya watu wetu waliolala katika udongo huu kwa sababu hatukuweza kuwarudisha nyumbani. Wako kumi na wanne. Baada ya kila jina tutanyamaza."

Kwa watu hawa kufa ugenini ni bahati mbaya, lakini kuzikwa ugenini ni jambo linalokaa mezani na familia kila siku na kula nao. Halitajwi. Hakuna aliyelitaja kanisani kwa miaka yote ile, na sasa kasichana ka juzi kamelitaja, na watu wazima walikuwa wakiinamisha vichwa kama waliotuliwa mzigo.

"Wangila, dereva wa lori." Kimya. "Mjane wa Wangila." Kimya. "Mapacha wawili ambao hawakupewa majina."

Alimtafuta Obonyo kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na mlango, midomo ikitikisika. Adero alijua ile midomo inasubiri nini kabla akili yake haijakubali. Vidole vyake, chini ya kishikio, vikakutana na michoro. Akakigeuza kidogo, nta ikamdondokea mkononi, hakuisikia. Chini kulikuwa na herufi tano, zimechongwa kwa unadhifu uleule wa majani.

AKECH.

Alikuwa na miaka sita. Homa ilimchukua siku tatu. Malori ya saruji yalikuwa yakivuka mpaka kila saa, lakini kibali cha jeneza dogo kilizungushwa ofisi hadi ofisi hadi mwili ukakataa kungoja, wakamzika kwenye makaburi ya mjini, watu watano tu, wamevaa barakoa, mmoja wao akiwa mchimbaji.

Adero akatazama mshumaa. Ulikuwa umebaki pingili moja ya kidole.

"Jina la saba," Nabangala alisema, akalisoma, na kimya chake kilikuwa kirefu, kizuri, cha kutafakari.

Soma haraka, mwanangu, Adero aliomba. Haraka, mama, haraka. Aliukinga moto kwa kiganja, yeye aliyeununulia kifo chake. La nane. Mtu alivuta kamasi. La tisa. Nyuma kabisa, mwali ulifika kwenye karatasi: puu, ukawaka mara moja kwa rangi ya chungwa, ukafa. Ukafuata wa jirani. La kumi. Benchi zima la kina mama: puu, puu, puu. Wake ukayumba. Akabana pumzi kwa hofu ya kuupuliza, ikamponyoka, na hiyo hiyo pumzi ikauzima. Harufu ya karatasi iliyoungua ikampanda puani. Kilichoungua kilikuwa wimbo wake.

"La kumi na moja," Nabangala alisema, na kabla hajalisoma, mshumaa wake, wa mwisho, ukazima mkononi mwake.

Giza lilikuwa kamili. Mashuka meusi yalifanya kazi yake, na Kamis nje alifanya yake.

"Siwezi kusoma," Nabangala alinong'ona. "Samahani. Siwezi kuona jina linalofuata."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa Adero. Kila kitu kilikuwa kimekuja kama alivyokipanga: giza, mtoto anayeanza kulia, Nabangala anayepapasa. Watu themanini walikuwa wakisubiri sauti. Akasimama. Akafungua mdomo kuuita ule wimbo, na wimbo haukuwepo. Karibu na mlango alisikia mumewe akijaribu kusafisha koo, akishindwa, akijaribu tena.

"Akech," Adero alisema.

Haikuwa sauti ya Pasaka. Haingemvua mtu kofia hata kwenye benchi la nyuma.

"Akech, binti Obonyo. Miaka sita. Alikuwa hapendi viatu." Akakishika kishikio kwa mikono miwili. "Mama yake ni mimi."

Kisha kutoka upande wa wanaume mtu akataja jina, halafu bibi mmoja akataja lake. Yakapita kumi na nne, yakapita ishirini, majina ambayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote, gizani, ambapo hakuna aliyelazimika kumwona jirani akilia. Mchungaji Wamalwa alipokumbuka kusema Amina, ilikuwa imepita saa na nusu, na Kamis akawasha taa kwa nguvu ya mtu aliyebanwa na mkojo muda mrefu.

*

Chai ilinywewa na watu wenye macho mekundu.

"Nimehudumu miaka ishirini na moja," Mchungaji Wamalwa alisema, amemshika Nabangala mkono, "lakini kupanga mishumaa izime yenyewe, yote, palepale kwenye jina la mtoto! Binti, hekima hiyo ulipata wapi?"

"Mchungaji, mimi sikupanga."

"Sikieni unyenyekevu!"

"Kweli sikupanga. Mimi niliogopa."

"Anasema hakupanga!" bibi mmoja akarudia, na kumkumbatia upya. Kadiri alivyokana ndivyo walivyomsifu.

Adero, na birika mkononi, alihisi yule mgeni wa wivu akiamka tena. Alikuwa ameiharibu ibada kwa mikono yake mwenyewe, kwa akili yake mwenyewe, kwa mishumaa aliyoichagua mwenyewe, na hata hiyo sifa ilikwenda kwa Nabangala. Nusura aseme ni mimi. Neno lilifika kwenye meno.

Nabangala akamjia. Uso wake ulikuwa umechoka, na kwa mara ya kwanza Adero aliona kwamba ni mtoto wa watu tu, aliye mbali na mama yake.

"Mama, nisamehe. Nilifikiri umekubali jina lisomwe. Baba ndiye aliyeandika."

"Kunywa chai," Adero alisema. Akamjazia kikombe hadi juu, akaongeza sukari bila kumuuliza. "Na kuhusu ile mishumaa…"

"Ndiyo, Mama?"

"Kunywa kwanza. Nitakwambia siku ukiwa umeshiba."

*

Nyumbani Obonyo alimwaga vishikio mezani na kuanza kuchokoa matundu kwa msumari. Karatasi zilizoungua zilitoka vipande vipande. Alivipanga chini ya taa. Kimoja kilikuwa na neno "tazama". Kingine kilikuwa na nusu ya "haleluya". Mwandiko ulijulikana.

Adero alisimama kando ya mlango ulioegemea ukuta.

"Ulijua," alisema.

"Nilikitikisa kimoja."

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa umekasirika sana. Nilidhani umekasirika kwa sababu ya ile orodha. Nikasema, acha azime, kama hataki lisomwe."

"Sikujua kama kuna orodha!" Akavuta kiti, akakaa. "Nilikiona hiki kwenye sanduku. Nilidhani ni cha Nabangala."

Obonyo akainua nyusi zake za mvi. Akakichukua cha mvule, akauchukua na mkono wa mkewe, akakitia ndani yake. Kilienea barabara, bila nafasi hata ya unyasi.

"Nilipima ukiwa umelala," alisema.

Akarudi kwenye msumari wake. Alichokoa vitatu, vinne, vitano. Adero alikuwa akipapasa zile herufi kwa kidole gumba, kwenda na kurudi.

"Mama Akech," Obonyo alisema, bila kuinua macho. Sauti ilikwama kidogo kwenye lile jina, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, kisha ikapita. "Mwaka ujao nitoboe tundu la saizi gani?"

Adero alikipima kishikio kiganjani, kama mtu anayejua mishumaa.

"Kubwa," alisema. "Lakini mlango kwanza."